Sanamaki: Dawa ya Siku Chache Iliyogeuzwa Mazoea

Sanamaki, jani la kufungua choo, inafanya kazi. Lisemwe hilo mapema, maana mjadala wa dawa za miti kwetu huwa na kambi mbili zinazopigiana kelele: wanaoamini kwamba cha asili hakidhuru, na wanaoona kila kinachotoka kwa mganga ni upuuzi. Jani hili linazisuta kambi zote mbili. Viini vyake, vinavyoitwa senosaidi, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa kipimo cha miligramu 7.5. Dawa yenye nguvu ya kuingia katika orodha hiyo ina nguvu ya kumlaza mtu kitandani pia, hasa inapopimwa kwa kiganja na kunywewa wiki baada ya wiki kwa jina la "kusafisha tumbo".

Tunachodai hapa ni kwamba sanamaki ni dawa ya kukosa choo, ya siku chache, na kipimo chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Anayeitumia kupunguza unene, kutoa "sumu" au kujikinga na kila maradhi hapati faida ya ziada. Anachopata ni madhara ya ziada.

Ingawa wengi huihusisha na Makka, sehemu kubwa ya sanamaki inayouzwa duniani inalimwa India. Kitovu chake cha zamani ni kusini kabisa mwa Tamil Nadu, wilaya za Tirunelveli na Thoothukudi, kwenye mashamba makavu ambako mvua ni haba na maji hayatuami. Mmea huu unavumilia ukame, ila ukisimamishwa kwenye maji mizizi inaoza upesi. Waingereza waliandika jina la Tirunelveli kama Tinnevelly, na hadi leo wafanyabiashara wa majani ya dawa wanaita sanamaki ya India kwa jina hilo, kuitofautisha na ile ya Sudan iliyokuwa ikisafirishwa kupitia Alexandria. Rajasthan na Gujarat nako inalimwa. Wataalamu wa mimea sasa wanazihesabu zote kuwa spishi moja, Senna alexandrina, lakini kwenye pakiti bado utakuta majina ya zamani, Cassia angustifolia kwa ya India na Cassia acutifolia kwa ya Sudan. Hayo siyo mimea tofauti, na muuzaji anayedai kwamba moja "ndiyo ya kweli" na nyingine ni bandia anapandisha bei tu.

Majani huchumwa kwa mkono, kisha hutandazwa kivulini kwa tabaka jembamba na kugeuzwa mara kwa mara mpaka yawe na rangi ya kijani inayoelekea manjano. Yakianikwa kwenye jua kali yanapauka na kupoteza nguvu. Yakirundikwa yakiwa mabichi yanavunda na kuwa meusi. Kwa hiyo mnunuzi ana mengi ya kuangalia kabla ya kutoa pesa. Jani zuri la India ni refu na jembamba, sentimita 2.5 hadi 5, lina ncha iliyochongoka, limelala bapa kwa sababu hushindiliwa kwenye marobota, na kitako chake hakilingani: upande mmoja umeshuka kidogo kuliko mwingine. La Sudan ni fupi zaidi, lina rangi ya kijivu, na huvunjika ovyo. Maganda ya sanamaki, yanayobeba mbegu, ni bapa kama karatasi nene, na mbegu zake zinaonekana zimejichora kwa nje. Ukikuta vijiti vingi, majani ya kahawia au harufu ya uvundo, achana nayo.

Unga haukupi nafasi ya kukagua lolote kati ya hayo, na ndiyo maana ni afadhali kutoununua kabisa. India kwenyewe kuna mti jamaa, Cassia auriculata, ambao Watamili wanauita avaram. Magome yake hutumika kulainisha ngozi za wanyama, na majani yake yamekuwa yakichanganywa na sanamaki tangu enzi za biashara ya kikoloni. Majani hayo hayana senosaidi. Mtu aliyezoea unga uliochanganywa huongeza kijiko kwa sababu kimoja hakimfanyi kitu, kisha siku akipata pakiti ya sanamaki tupu anameza vijiko vilevile viwili.

Namna dawa hii inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kila tahadhari inayofuata, kwa hiyo inafaa tukae nayo kidogo. Senosaidi ni molekuli iliyofungwa na sukari. Tumbo la binadamu na utumbo mwembamba havina kimeng'enya cha kuifungua, hivyo inapita salama kama abiria asiye na haraka mpaka utumbo mpana. Huko wapo bakteria wanaoikata sukari ile na kuachia kemikali inayoitwa reini-anthroni. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Inaufanya ukuta wa utumbo mpana ujikamue kwa nguvu, na wakati huohuo inauzuia usifyonze maji na chumvi kutoka kwenye kinyesi. Ndiyo maana choo kinakuwa laini na kinasukumwa.

Safari hiyo inachukua saa 8 hadi 12. Mtu akinywa saa tatu usiku, choo kinakuja alfajiri. Kosa la kwanza la watumiaji wengi linazaliwa hapa: wanakunywa kikombe asubuhi, wanasubiri saa mbili, hawaoni kitu, wanakunywa kingine, na mchana wakiwa kazini au ndani ya daladala vikombe vyote viwili vinaanza kazi kwa pamoja. Sanamaki ni dawa ya kunywa usiku, mara moja. Ikikosa kufanya kazi usiku huo, unasubiri usiku unaofuata. Na kwa kuwa inategemea bakteria wa utumbo, aliyetoka kumaliza dozi nzito ya antibayotiki anaweza kuona haimshiki kama kawaida. Hilo nalo si sababu ya kuongeza kipimo.

Sasa hesabu. Mamlaka za dawa za Ulaya zinampa mtu mzima, na kijana wa zaidi ya miaka 12, miligramu 15 hadi 30 za viini hivi kwa siku. Kwa muda mrefu kiwango cha ubora cha majani huko kimekuwa angalau asilimia 2.5 ya uzito. Maana yake gramu 1 ya majani makavu ina takriban miligramu 25. Gramu 1 tu, basi, tayari iko karibu na juu ya kipimo. Kijiko cha chai kilichojaa majani yaliyovunjwavunjwa kina kama gramu 1.5. Nusu kijiko cha chai ndipo pa kuanzia, na kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana ndipo pa kuishia.

Linganisha na "kijiko kikubwa kimoja cha unga asubuhi na jioni" kinachoagizwa kwenye video nyingi. Unga umeshikana, kwa hiyo kijiko cha chakula kinabeba gramu 5 au zaidi. Unga unamezwa wote, wakati majani yanaacha sehemu ya viini vyake kwenye chujio. Kijiko hicho kimoja ni miligramu 125 na kuendelea, yaani zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu, na aliyeagiza anasema kinywewe mara mbili. Mtu akishikwa na msokoto wa tumbo mpaka akatokwa jasho baridi, anaambiwa "sumu zinatoka". Zinazotoka ni maji na madini yake mwenyewe.

Kuiandaa hakuna ufundi mkubwa. Chukua nusu kijiko cha chai cha majani, weka kwenye kikombe, mimina maji yaliyochemka kiasi cha mililita 150, funika, acha dakika 10, chuja vizuri, kunywa kabla ya kulala. Yasichemshwe sufuriani kwa nusu saa kama mizizi. Joto la muda mrefu linavunja senosaidi kabla hazijafika zinakotakiwa, na kilichobaki kinakera tumbo huku juu badala ya kufanya kazi kule chini. Wapo wanaoloweka kwa maji baridi usiku kucha, wakiamini kwamba hivyo msokoto unapungua kwa kuwa utomvu wa jani hautoki wote. Njia hiyo ina mantiki, lakini maji yawe safi na yaliyochemshwa kabla, kwa sababu majani ya mitishamba hubeba vijidudu na maji baridi hayaviui. Maganda nayo yanafaa, na kwa kawaida ni mapole kuliko majani. Mwenye tumbo jepesi aanze na maganda.

Waganga wa India waliujua msokoto huu zamani na hawakuiacha sanamaki peke yake. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, kuna unga maarufu uitwao panchasakara, wenye vitu vitano: sanamaki, tangawizi kavu, shamari, tunda la haritaki na chumvi ya mawe. Waganga wa Kiunani, ambao tiba yao ilifika India kupitia Waajemi na Waarabu, huifuatanisha na maua ya waridi au mafuta ya lozi. Tangawizi na shamari zinatuliza gesi na mikazo, na kuzitia kipande au nusu kijiko ndani ya kikombe ni busara. Kuna jambo la kuangalia hapo, hata hivyo. Kiungo cha kutuliza hakipunguzi nguvu ya dawa. Kinaficha king'ora tu. Mtu anayezidisha sanamaki pamoja na tangawizi nyingi anapoteza maji yaleyale bila kupata onyo la maumivu. Na chumvi iliyomo kwenye panchasakara haimfai mwenye shinikizo la damu.

Kwa mtu mwenye afya, dawa hii isivuke wiki moja bila mtu wa afya kuangalia. Mara nyingi usiku mbili au tatu ndani ya wiki hiyo zinatosha. Kukosa choo kunakodumu zaidi ya hapo kuna chanzo, na sanamaki haitakionyesha. Inaweza kuwa vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu zenye kodeini, tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, kisukari cha muda mrefu, au uvimbe ndani ya utumbo. Mtu wa miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla, au ambaye anaona damu na anapungua uzito, anapaswa kupimwa kabla hajaenda kununua majani.

Hapa ndipo mazoea ya kila wiki yanapostahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu mtego wake ni mjanja. Kwa kawaida choo cha asubuhi hutoa sehemu ya mwisho tu ya utumbo mpana. Sanamaki ya kipimo kikubwa inaukamua wote. Utumbo ukishakuwa mtupu, unahitaji siku mbili au tatu kujaa tena. Siku hizo mtu haendi chooni, kwa sababu hakuna cha kutoa. Yeye anahesabu siku, anasema "nimefunga choo tena", na anakunywa kikombe kingine. Baada ya miezi michache anaapa kwamba bila sanamaki haendi, na anayemuuzia anampongeza kwa kupata dawa inayomfaa. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba dawa za jamii hii zinaua neva za utumbo na kuufanya mlegevu milele. Ushahidi wa hilo ni dhaifu na hatuna haja ya kumtisha mtu nalo. Mtego wa kuhesabu siku unatosha kumfunga. Kutoka kwake ni kuacha, kuvumilia siku tatu au nne bila choo, kunywa maji, kula mboga na matunda, na kuuacha utumbo ujaze.

Anayeendelea kwa miezi kadhaa ukuta wa utumbo wake mpana hupata rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi, inayoonekana daktari akipitisha kamera. Inaitwa melanosisi ya koloni. Haiumi, na ikiachwa dawa hufutika taratibu. Ubaya mkubwa uko kwenye damu: potasiamu inashuka. Potasiamu ndiyo inayoshikilia mapigo ya moyo na nguvu ya misuli, na ikipungua mtu huanza kwa uchovu, miguu kulegea na kubanwa misuli usiku, kisha moyo kupiga ovyo. Kinachochekesha, kama kungekuwa na cha kuchekesha, ni kwamba upungufu wa potasiamu wenyewe unaulegeza utumbo na kuleta ukosefu wa choo. Mgonjwa anaongeza dawa inayomfunga.

Zile kamasi na nyuzi zinazoonekana chooni baada ya kuharishwa, ambazo watu huzipiga picha na kuzisambaza kama ushahidi wa uchafu wa miaka, ni ute wa kawaida wa utumbo ulioamshwa na kero ya dawa. Ukuta wa utumbo hubadilisha seli zake kila baada ya siku chache, na madaktari wanaoingiza kamera hawakuti huko maganda ya kinyesi cha muongo uliopita.

Kuhusu unene, jibu limeshapimwa. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwachunguza wanawake waliokunywa dawa za kuharisha kwa wingi. Waliharisha lita 4 hadi 6, lakini nishati ya chakula iliyozuiwa kuingia mwilini ilikuwa asilimia 12 tu. Sababu ni ya kianatomia: mafuta, sukari na protini hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na dawa hizi hushughulika na utumbo mpana ambako kazi hiyo imeshakwisha. Mizani ikishuka kilo mbili baada ya kikombe cha sanamaki, hizo ni kilo mbili za maji. Zinarudi na glasi za kwanza.

Wengi watauliza kuhusu hadithi za Mtume. Ni kweli kwamba sanamaki imetajwa katika Sunan za Tirmidhi na Ibn Majah, na heshima yake miongoni mwa Waislamu wa pwani inatoka huko. Inafaa kuisoma habari yenyewe ya Asma bint Umays. Mtume alimuuliza anatumia nini kujifungulia choo. Alipotaja shubrum, dawa kali, hakuiridhia, na Asma akahamia kwenye sanamaki. Kisa kizima kinahusu kukosa choo, na mwelekeo wake ni kuacha kikali na kuchukua kipole. Kuitumia habari hiyo kuuza vijiko vikubwa viwili vya unga kwa siku ni kwenda kinyume na mwelekeo wake. Mwaka 2020, korona ilipoenea, Pakistan ilikumbwa na wimbi la watu kununua sanamaki wakiamini inatibu, na bei ikaruka. Ugonjwa unaoleta homa na kukosa hamu ya kula humkausha mtu maji. Kumwongezea kuharisha hakukuwa na msaada wowote, na madaktari wa huko walilazimika kulisema hadharani.

Nani asiiguse kabisa? Kwanza, yeyote mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo. Kidole tumbo kikivimba, utumbo ukijisokota au ukiziba, kuusukuma kwa nguvu kunaweza kuupasua. Tumbo linalouma, limejaa, lisilotoa hata hewa, pamoja na kutapika, ni la hospitali usiku huohuo. Pili, wenye vidonda na uvimbe wa kudumu wa utumbo. Tatu, aliyekwisha kuishiwa maji kwa homa, kutapika au kuharisha. Wenye maradhi ya figo na ya moyo wasiinywe bila daktari wao kujua.

Orodha ya dawa zinazogombana nayo inaanzia kwenye potasiamu ileile. Anayetumia digoksini ya moyo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu hata kwa kipimo kilekile alichozoea. Anayemeza furosemaidi au hidroklorothiazaidi kwa ajili ya shinikizo au miguu kuvimba tayari anapoteza potasiamu kwenye mkojo, na sanamaki inamfungulia mlango wa pili. Vidonge vya steroidi kama prednisolone vinafanya vivyo hivyo. Kisha kuna urukususu, ule mzizi mtamu wa kikohozi ambao hukaa kwenye rafu moja na sanamaki dukani. Nao unatoa potasiamu. Mchanganyiko wa sanamaki na urukususu unauzwa tayari kama "chai ya tumbo", na hatujui kwa nini wauzaji hawaambiwi waziwazi kwamba hizo mbili haziendi pamoja kwa matumizi ya kila siku.

Mkojo ukigeuka wa manjano iliyokoza, kahawia au mwekundu siku ya pili, mara nyingi ni rangi ya mabaki ya dawa yanayotoka kwenye figo na si damu. Hukoma siku moja au mbili baada ya kuacha. Usipokoma, pima.

Mjamzito anyimwe, hasa miezi mitatu ya kwanza. Rekodi za wajawazito walioitumia hazijaonyesha madhara ya wazi kwa mtoto, lakini jamii hii ya kemikali ina viini kama emodini na aloe-emodini ambavyo maabara imevitilia shaka kwa seli, na hakuna sababu ya kubahatisha wakati laktulosi, dawa nyingine ya kulainisha choo, na nyuzinyuzi zipo. Mama anayenyonyesha akitumia, kiasi kidogo cha mabaki hupita kwenye maziwa. Ushauri wa Ulaya ni aiache. Watoto chini ya miaka 12 wasipewe chai ya majani. Hospitali humpa mtoto sharubati iliyopimwa kwa mililita, na hiyo ni habari tofauti. Mtoto anayevaa nepi ana hatari yake ya pekee. Kinyesi chenye sanamaki kikikaa kwenye ngozi kwa saa kadhaa huichoma na kuibabua malengelenge kama ya maji moto, na wauguzi wanaoyaona hudhani mtoto ameunguzwa. Mzee aanze na nusu ya kipimo cha mtu mzima na asizidi siku chache.

Kuna mahali ambapo tahadhari hizi zote zinageuka na sanamaki inakuwa rafiki wa kweli. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya kutuliza maumivu, kama ile ya maji ambayo Hospice Africa Uganda imekuwa ikiitoa tangu miaka ya 1990, hufungwa choo karibu bila kukosa, kwa sababu mofini inaubembeleza utumbo ulale. Kumpa nyuzinyuzi peke yake ni kosa, kwani zinajaza utumbo usiosukuma. Anahitaji dawa ya kusukuma, kila siku, tangu siku ya kwanza ya mofini, na hapo kanuni ya wiki moja haimhusu. Senosaidi za vidonge ni chaguo zuri kuliko majani, maana kila kidonge kina kiasi kilekile. Ni ajabu kwamba dawa inayotapanywa kwa wasioihitaji haifiki kwa wepesi kwa hawa.

Kwa wengine, ngazi ianze chini. Maji ya kutosha, mboga za majani, papai, maharage, kutembea. Kisha ispaghula, mmea ambao maganda ya mbegu zake huvimba kwenye maji, nao ni zao la India, hasa Gujarat: kijiko kimoja cha chai cha maganda yake kwenye glasi nzima ya maji, inywewe mara moja kabla haijaganda, na glasi nyingine juu yake. Bila maji mengi inaweza kukwama kooni. Ipe siku tatu. Hapo ndipo kikombe cha sanamaki kina nafasi yake.

Jamaa mmoja wa mmea huu anastahili onyo lake, kwa kuwa anaota nyuma ya nyumba zetu. Mwingajini, Senna occidentalis, una maua ya manjano na maganda membamba yaliyopinda kidogo, na kwa kuwa ni ukoo mmoja wapo wanaodhani ni "sanamaki ya kienyeji". Huko magharibi mwa Uttar Pradesh, India, kila baada ya mvua za monsuni watoto wadogo walikuwa wakiletwa hospitali wamepoteza fahamu, ini na misuli vimeharibika, na wengi wao wakifa ndani ya siku chache. Kwa miaka ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa virusi vya ubongo. Mwaka 2007 madaktari wa Bijnor walichapisha ushahidi kwamba watoto wale walikuwa wamekula mbegu za mwingajini walipokuwa wakicheza. Watu wazima hukaanga mbegu hizo na kuzinywa kama kahawa, na moto mkali hupunguza sumu yake, lakini mbegu mbichi hazifai kuwa karibu na mtoto. Na majani ya mwingajini hayachukui nafasi ya sanamaki kwa kipimo chochote.

Aliyekwisha kuzidisha asubiri dawa ipite huku akirudisha anachopoteza. Maji matupu hayatoshi. Achanganye chumvi na sukari za paketi kutoka duka la dawa, au kwa lita 1 ya maji safi atie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, anywe kidogo kidogo baada ya kila choo. Ndizi na maji ya dafu vitamrudishia potasiamu, isipokuwa kwa mgonjwa wa figo, ambaye hivyo vinaweza kumzidishia. Asinywe dawa ya kuzuia kuharisha ili "kuikata" sanamaki. Kizunguzungu anaposimama, mkojo kukauka kwa saa nane, misuli kulegea, moyo kuruka mapigo au damu kwenye choo vinamtaka hospitali, na aende na pakiti mkononi ili apimwe potasiamu mapema badala ya kuwekewa dripu ya kubahatisha.